Mtoto akiharisha na vipimo havionyeshi kitu

Mwanangu wa mwaka na nusu aliharisha, akapoa, akaanza tena. Vipimo vya malaria na choo vikawa safi. Hapa Chamwino majirani wakaona weupe kwenye ufizi wake, wakasema ni "meno ya plastiki", meno mabaya yanayomharisha, yang'olewe. Nakusihi mama mwenzangu, usikubali. Ule weupe kwenye ufizi ni jino changa linalokuja. Kuling'oa kunaleta damu nyingi na maambukizi, na kuhara kunabaki palepale.

Anza na maji. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya lita moja, ikoroge kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa; saa 24 zikipita, mwaga iliyobaki. Mpe kwa kijiko kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea taratibu. Zinki aliyoandikiwa aimalize, hata kama choo kimeshakaza. Ziwa lisikatike, wala uji wa uwele.

Kisha nunua daftari. Andika alichokula na saa, choo kilivyokuwa, homa, uzito wa kliniki. Daftari langu ndilo lililomwonyesha daktari kuwa tumbo linachafuka kila akinywa maziwa ya ng'ombe.

Damu kwenye choo, macho kudidimia, kulegea, kushindwa kunywa, degedege: usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali.