Kugeuza resipi za Kimarekani kuwa gramu na Selsiasi: hatua kwa hatua

Resipi nyingi za keki na mikate tunazozikuta mtandaoni zimeandikwa na Wamarekani, nao hupima kwa vikombe, wakia, ratili na Farenhaiti. Oveni zetu zinasoma Selsiasi, mizani zetu gramu. Mimi naoka keki za oda hapa Dar es Salaam na kufundisha wanaoanza, na jambo ninalowasisitizia wote ni hili: geuza resipi nzima kwenye karatasi kabla hujavunja hata yai moja. Ukipiga hesabu huku unakoroga, lazima kitu kitakuponyoka.

Hatua ya 1: Hakikisha mizani yako inasema kweli

Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu moja moja inatosha. Iweke juu ya meza ngumu iliyo sawa, si juu ya kitambaa. Kisha ipime: nenda nayo dukani kwa Mangi, muombe akuwekee jiwe lake la nusu kilo. Mawe hayo hukaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo jiwe lenye chapa ni shahidi mzuri. Mizani ikisoma 499 au 501, endelea nayo. Ikisoma 488, badilisha betri kwanza, na isipojirekebisha tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Geuza wakia na ratili

Hapa ni kuzidisha tu. Wakia moja (oz) ni gramu 28.35, na ratili moja (lb) ni wakia 16, yaani gramu 454. Chokoleti wakia 6 ni gramu 170.

Ila angalia herufi mbili ndogo: ukiona "fl oz", hiyo ni wakia ya ujazo, inapimwa kwenye jagi, si kwenye mizani. Wakia 8 za ujazo ni mililita 237. Kwa maji na maziwa tofauti ni ndogo, lakini asali nzito ya ujazo huohuo ina uzito wa gramu 340 hivi, wakati wakia 8 za uzito ni gramu 227 tu.

Hatua ya 3: Achana na vikombe

Hatua hii ndiyo inayookoa keki nyingi. Kikombe ni ujazo, na unga unashindilika. Chukua kikombe, kizamishe moja kwa moja kwenye mfuko wa unga, kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu: ukipima utakuta gramu 140, pengine 150. Sasa rudia, safari hii ukijaza unga kidogo kidogo kwa kijiko bila kugongagonga. Utapata karibu 120. Kwenye keki ya vikombe vitatu, tofauti hiyo inafika gramu 90, na keki inatoka kavu, yenye ufa katikati. Watu hulaumu mayai au oveni, kumbe ni unga.

Pakiti nyingi za unga Marekani huandika robo kikombe kuwa gramu 30, kwa hiyo mimi hutumia 120. Vipimo vingine ninavyotumia kwa kikombe kimoja ni hivi:

- sukari nyeupe: gramu 200
- siagi: gramu 227
- maziwa: mililita 240

Wakiandika "stick" moja ya siagi, ni nusu kikombe, gramu 113. Yai lao kubwa bila ganda ni gramu 50, na mayai ya kienyeji mara nyingi hayafiki hapo. Resipi ikitaka mayai manne, vunja, koroga, pima gramu 200, hata kama yatakuwa matano. Kijiko cha chai ni mililita 5 na cha mezani 15, ila resipi ikiwa ya Australia cha mezani ni 20.

Hatua ya 4: Geuza joto

Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Nyuzi 350 za Farenhaiti: 350 toa 32 ni 318, mara 5 ni 1,590, gawa kwa 9 unapata 177. Weka oveni 180. Kama ina feni, shusha hadi 160, maana hewa inayozunguka hupeleka joto haraka zaidi.

Wengi hugawa kwa mbili tu. Kati ya 300 na 400 njia hiyo haina ubaya: 350 inakupa 175, na 400 inakupa 200 badala ya 204. Usiipeleke kwenye hamira hata siku moja! Maji ya hamira ya nyuzi 110 za Farenhaiti ni 43 za Selsiasi. Ukigawa kwa mbili unapata 55, joto linaloanza kuiua, na mkate hautaumuka.

Kuna mtego mwingine. Resipi ikisema "punguza joto kwa nyuzi 25", hiyo ni tofauti, si joto lenyewe. Usitoe 32. Zidisha kwa 5, gawa kwa 9: punguza 14.

Hatua ya 5: Kwa wapika shira na kashata

Chemsha maji kwanza, tumbukiza kipimajoto bila kugusa chini ya sufuria, soma. Ukanda wa pwani kitasoma 100. Nairobi kitasoma karibu 94, kwa sababu mji uko juu sana na maji huchemka mapema. Chochote kilichopungua kutoka 100, kipunguze pia kwenye resipi. Shira inayotakiwa kufika 235 za Farenhaiti ni 113 za Selsiasi. Kwa aliye Nairobi, aiepue ikifika 107. Na kama uko Dar lakini kipimajoto kinasoma 97, kasoro iko kwenye kipimajoto chenyewe: itoe hesabu hiyohiyo, upike shira hadi 110.