Jinsi ya kumjua mnyama pori mgonjwa kabla nyama haijafika jikoni

Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai, na huku kanda ya kati kuanzia Manyoni, Chemba, Kondoa mpaka Dodoma mjini ndo muda nyamapori inaanza kuzunguka kwenye mabucha na kwenye masufuria ya watu. Mimi nimelelewa na mjomba aliyekuwa anawinda kwa leseni, nimeshika sana miguu ya wanyama wakati yeye anachuna, kwahiyo nachoandika hapa ni alichonifundisha yeye na kile nilichokuja kujifunza baadae kwa mabwana mifugo. Naongelea mnyama aliyepigwa kwa kibali cha TAWA, yani mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, au nyama ya bucha lenye leseni, zile bucha za nyamapori zilizoruhusiwa kwa kanuni za 2020. Nyama inayoletwa usiku kwenye kiroba, ukiacha kesi yake, hakuna mtu aliyeliangalia ini lake wala bandama lake, na utaona huko mbele kwanini hilo ni jambo kubwa.

Mjomba alikuwa na swali moja kabla hajagusa nyama yoyote ya porini: nani kamuua? Kama kuna mtu anasimama anasema mimi, nilimpiga saa fulani, alikuwa anatembea hivi na hivi, mjomba anachukua kisu. Kama jibu ni tumemkuta amelala pale kwenye lambo ila bado wa moto kabisa, anageuka anaondoka hata kama nyumbani tunakula mlenda wiki ya pili.

Niliona sababu yake kwa macho. Vijana wa kijijini walikuta tandala kafa kando ya lambo mwezi wa kumi, jua kali, tumbo limeshajaa kama ngoma wakati wenyewe wanasema asubuhi hakuwepo hapo. Puani kulikuwa na damu nyeusi inachuruzika, haijaganda, na nyuma pia. Wakamchuna, wakagawana. Siku ya nne mmoja wao akaota kipele kidoleni kama ameng'atwa na mdudu, kinawasha, kesho yake kikawa lengelenge, baadae kikapasuka katikati pakawa peusi kama mkaa, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, na cha ajabu kidonda chenyewe hakiumi. Zahanati ya kwanza alipewa dawa ya kupaka akarudishwa nyumbani, mpaka alipofika kwa daktari aliyemuuliza umechuna nini wiki hii ndo akapata antibayotiki inayotakiwa akapona. Ile ilikuwa kimeta.

Kimeta naomba ukielewe vizuri kuliko vyote nitakavyosema hapa. Mnyama anakufa ghafla, anavimba haraka, mwili haukakamai kama maiti ya kawaida, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au njia ya haja. Ukiona hivyo usimfungue, hata kidogo, hata kuchungulia tu, kwasababu vijidudu vyake vikikutana na hewa vinajifunga kwenye ganda gumu na kukaa kwenye udongo miaka na miaka, yani sehemu ile itaendelea kuua ng'ombe na mbuzi wa watoto wako. Na kuchemsha hakusaidii, lile ganda linavumilia maji yanayochemka, kwahiyo ile habari ya "tuipike sana tu" hapa haifanyi kazi. Usimburute, fukuza mbwa na fisi kama unaweza, weka miiba juu yake, piga simu kwa bwana mifugo wa kata au askari wa wanyamapori. Wao ndo wanachukua sampuli na kusimamia achomwe au afukiwe palepale, shimo la kama mita 2.

Sasa tuseme mnyama yupo hai mbele yako. Uchunguzi mzuri unafanyika hapa, sio kwenye meza ya kukatia nyama, na wawindaji wengi wanaharakisha hii hatua kwasababu roho inadunda. Tulia dakika kadhaa umwangalie. Je yuko na wenzake au kaachwa nyuma peke yake? Swala pala mzima mara nyingi hakai mbali na kundi lake bila sababu. Angalia kichwa kama kimeinama, masikio kama yamelegea, manyoya kama yamesimama na hayang'ai, mkia kama umechafuka na kuhara, mate kama yanavuta nyuzi, magoti kama yamevimba, anachechemea au hapana. Kupe wachache ni kawaida, ila mnyama aliyejaa kupe mpaka kwenye kope kuna kitu kimemchosha. Upele mkubwa, ngozi imekatika katika kama ganda la mti, muache.

Na mnyama mpole muogope zaidi. Tandala au digidigi anayekusogelea, hakimbii, anadondosha udenda, anayumba miguu ya nyuma, huyo sio bahati yako. Kichaa cha mbwa kinashika hata wanyama wala majani, kule Namibia kimekuwa kikisambaa kwa tandala tangu miaka ya 1970. Ukimkuta hivyo usishike kichwa wala mate, toa taarifa, na kama mate yameshakugusa kwenye kidonda au jichoni osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kisha uende hospitali siku hiyohiyo kutafuta chanjo, maana dalili zikishaanza hakuna dawa ya kukurudisha.

Umempiga, ameanguka. Vaa glovu. Najua wazee watacheka, mjomba mwenyewe alicheka mwanzoni, lakini mwaka 2007 homa ya bonde la ufa ilipoingia, Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, na ugonjwa ule watu wengi wanaupata wakati wa kuchinja na kushika damu, sio wakati wa kula nyama iliyoiva. Virusi vile vinakufa kwenye moto ila havijafa kwenye mikono yako. Kwahiyo baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida, mbu wamejaa, na mbuzi kijijini wanatupa mimba kwa mkupuo, hapo simamisha hata kuchinja cha nyumbani mpaka wataalamu waseme. Na jike mwenye mimba, mfuko wa uzazi usiufungue, uutoe mzima uufukie, kwasababu brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, nayo inakaa humo.

Fungua tumbo mapema, jua la huku halisubiri mtu. Ndani ya saa moja matumbo yawe yametoka, ukichelewa yanavimba na harufu inaingia kwenye nyama. Hapo ndo unaanza kusoma, na mimi huwa naanza na bandama. Bandama zima ni jembamba, limekaza, kingo zake kali. Likiwa limevimba mara mbili tatu, jeusi, ukiligusa linabonyea na kutoka kama uji mzito mweusi, weka kisu chini, usiendelee kukata, rudi kule kwenye kimeta.

Ini linatakiwa liwe la rangi ya damu ya mzee, laini juu, kingo zimechongoka. Kingo zikiwa nene za mviringo maana yake limevimba. Mabaka ya njano au kijivu yaliyotapakaa ini zima, achana na mnyama mzima. Lakini ukilikata ukakuta minyoo mirefu myeupe imejaa kwenye mirija ya nyongo, hiyo kwa swala ni kitu cha kawaida sana, haimuingii binadamu, unatupa ini nyama unabaki nayo. Hivyohivyo funza wakubwa weupe ndani ya pua ya kongoni, wanatisha kuwaona ila nyama haina shida. Watu wanatupa nyama nzuri kwa sababu ya funza wa puani alafu wanakula yenye majipu mapafuni, ndo maana nasisitiza kujua tofauti.

Mapafu yawe ya pinki, mepesi kama sponji. Pitisha vidole taratibu ukibonyeza, unatafuta vinundu vigumu. Ukikuta kinundu, kikate: ndani kikiwa na usaha mkavu wa njano kama jibini au kama chokaa iliyolowa, hiyo inaweza kuwa TB ya ng'ombe. Angalia na matezi ya shingoni, chini ya taya na kifuani. Kule hifadhi ya Kruger Afrika Kusini TB ilianzia kwa nyati ikawafikia tandala, na tandala walikuwa wanaonekana kwa mbali wana uvimbe chini ya masikio. Vinundu vikiwa sehemu zaidi ya moja usile chochote, hata sehemu inayoonekana safi. Ukikuta vifuko vya maji kwenye ini au mapafu kama puto dogo, kata sehemu hiyo uifukie chini, na tafadhali usimpe mbwa, kwasababu mbwa akila ndo anakuja kukuletea wewe mayai ya minyoo hiyo kupitia kinyesi chake.

Alafu kuna mafuta ya figo, kitu ambacho wengi hawakiangalii. Mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja wanyama wa huku wanakonda wote, majani hakuna, kwahiyo kukonda peke yake sio ugonjwa. Ila shika mafuta yanayozunguka figo na moyo: yakiwa kidogo lakini meupe na makavu, huyo ana njaa tu. Yakiwa yamegeuka kama jeli, yanateleza, yana maji, na nyama yenyewe ukiibonyeza inatoa maji, huyo alikuwa anaumwa muda mrefu. Mafuta ya njano nayo angalia weupe wa jicho na mishipa ya miguu, kama na huko ni njano basi ni nyongo imesambaa mwilini, tupa.

Ngiri na nguruwe pori wana mambo yao mawili. Kwanza wanaweza kuwa na vijinyoo vya trikinela ndani ya nyama ambavyo huvioni kwa macho hata ukodoe vipi, kwahiyo nyama yao ipikwe mpaka katikati isibaki pinki wala maji mekundu, nyuzi joto 71 kwenda juu. Kukausha juani, chumvi au moshi havitoshi, na mishikaki ya ngiri iliyoiva nje tu mimi siili hata kwa kulazimishwa. Pili, ngiri anabeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonyesha dalili yoyote. Wewe haikudhuru, lakini ukitupa ngozi au maji ya kuoshea nyama karibu na banda, nguruwe wa jirani yako watakwisha wote, na huku Dodoma kuna watu wamesomesha watoto kwa kitimoto. Fukia mbali, badilisha viatu.

Mnyama aliyekimbizwa muda mrefu na mbwa nyama yake inakuwa nyeusi nyeusi, inanata mkononi, na inaoza haraka. Sio ugonjwa ila pika siku hiyohiyo. Risasi ikipita tumboni, usioshe kwa maji, maji yanasambaza uchafu, kata pembeni yote iliyogusana na kinyesi utupe. Na kwenye tundu la risasi kata kama shubiri moja kuzunguka, kuna vipande vidogo vya madini ya risasi vinabaki, na kwa watoto ni sumu ya ubongo.

Kuna kitoweo kingine cha kwetu siwezi kukiacha. Kondoa na Chemba watu wanatega ndege wadogo kwelea kwelea kwa nyavu, na kwelea wa wavu aliyekuwa anarukaruka hana tatizo. Tatizo ni wale waliopuliziwa dawa kwa eropleni. Asubuhi unawakuta wametapakaa chini ya miti, watoto wanaokota kwa ndoo. Hapo rudi kwenye swali la mjomba, nani kamuua? Dawa kamuua, na hiyo dawa ipo kwenye nyama na manyoya, usitegemee moto kuiondoa. Hivyohivyo kanga aliyekutwa kafa shambani kwenye mbegu zilizotiwa dawa. Mtu aliyekula akaanza kutoa mate mengi, jasho, kutapika, macho mboni zimekuwa kama tundu la sindano, misuli inacheza, mkimbize hospitali na mseme wazi kala ndege wa dawa.

Bucha ukinunua, omba kuona muhuri wa mkaguzi na risiti. Muuzaji anayekasirika kwa swali hilo ameshakujibu.

Ukimaliza kazi, kisu na panga vichemshwe, nguo zifuliwe peke yake, mikono sabuni mpaka kwenye viwiko. Na kama ndani ya wiki mbili tatu umepata homa, kichwa kinauma, macho mekundu, au kipele kinachogeuka cheusi, ukifika hospitali anza kusema wewe mwenyewe kwamba nilichuna mnyama pori tarehe fulani sehemu fulani, usisubiri uulizwe, kwasababu ukinyamaza watakupima malaria, wataona huna, na utarudishwa nyumbani bila dawa inayotakiwa kama yule kijana wa kijijini kwetu.