Programu ya kupanga picha: angalia mlango wa kutokea kwanza

Mpiga picha wa Bagamoyo mwenye harusi mbili tatu kwa mwezi, ngoma za TaSUBa (chuo cha sanaa cha Bagamoyo) na wageni wa magofu ya Kaole hachelewi kufikisha picha 20,000. Nyingine ziko kwenye simu, nyingine kwenye memori kadi, nyingine kwenye folda tatu zenye jina moja la "Picha mpya". Shida huanza pale familia inaporudi baada ya miaka minne kuulizia picha ya babu yao, sasa marehemu, aliyekaa safu ya mbele siku ya ndoa. Programu nzuri ni ile itakayoitoa picha hiyo ndani ya dakika moja. Na siku ukiiacha programu hiyo, majina na lebo ulizoandika zisife nayo. Watu wengi huuliza la kwanza tu, la pili, yaani mlango wa kutokea, wakalisahau.

Taarifa za picha zinaweza kukaa sehemu tatu. Kamera huandika EXIF ndani ya faili: tarehe, saa, lenzi, na kwa simu hata mahali. Unachoongeza wewe, yaani majina, maelezo na nyota, kinaweza kuandikwa ndani ya JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, kwa mfumo wa IPTC au XMP (mifumo ya kuandika maelezo ambayo programu nyingi huisoma), au katika faili dogo la .xmp linalokaa kando ya picha. Sehemu ya tatu ni hifadhidata ya programu yenyewe. Hii inaharakisha utafutaji, na kila programu ya maana inayo. Hatari ni pale kazi yako inapokaa humo peke yake. Google waliiacha Picasa, programu yao ya kupanga picha, mwaka 2016, na bado inazunguka kwenye flashi mitaani. Aliyeandika maelezo chini ya picha za JPEG aliondoka nayo, maana yalikuwa ndani ya picha. Majina ya nyuso kwa kawaida yalibaki kwenye mafaili ya .picasa.ini, ambayo wengi waliyafuta wakidhani ni takataka.

Kwa mtu wa kawaida mwenye kompyuta ya Windows au Linux, pendekezo letu ni digiKam. Ni ya bure kabisa, inaacha folda zako kama zilivyo, na utambuzi wa nyuso hufanyika kwenye kompyuta yako bila picha kwenda intaneti. Ikifunguliwa mara ya kwanza inauliza kama taarifa ziandikwe kwenye mafaili, kubali. Kwa picha za RAW, yaani faili ghafi za kamera kama NEF au CR2, usiiruhusu iandike ndani ya faili lenyewe, chagua .xmp ya kando. Lipo jambo moja linalosumbua: digiKam huita faili hilo DSC_0412.NEF.xmp, wakati Lightroom, programu ya kulipia ya Adobe, hutafuta DSC_0412.xmp. Kwenye mipangilio ya metadata (taarifa za picha) kuna kisanduku cha kufuata majina ya programu za kibiashara. Kitie alama mapema kama unadhani siku moja utahamia Lightroom.

Lightroom Classic inamfaa anayehariri RAW kila wiki na anayeweza kulipia kila mwezi. Ina nguvu, lakini inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, na GB 16 ndiyo raha. Kazi yote huingia kwenye katalogi, yaani hifadhidata yake, yenye faili la .lrcat, na kuandika kwenye XMP hakujawashwa tangu mwanzo. Fungua mipangilio ya katalogi, ingia sehemu ya metadata, uwashe. Malipo yakikoma bado utaona picha zako na kuzitoa nje, ila sehemu ya kuhariri hufungwa. Zile nakala zilizovunjwa zinazogawiwa kwenye flashi ziache: mara nyingi huja na virusi, na mashine yako ndiyo yenye picha za wateja.

Mwenye kompyuta kuukuu ya RAM GB 4 ajaribu XnView MP, ya bure kwa matumizi binafsi. Ni nyepesi na inafungua karibu kila aina ya picha. Kategoria zake, yaani lebo, huingia kwenye katalogi yake, hivyo hakikisha kwenye mipangilio umeruhusu ziandikwe pia ndani ya picha.

Google Photos ni nzuri kwa kutafuta, lakini piga hesabu kwanza. Nafasi ya bure ni GB 15, na Gmail na Drive zinakula humohumo. Picha 20,000 za simu zenye MB 4 kila moja ni GB 80. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, hizo ni kama saa 36 mfululizo bila kukatika, na bando unalijua mwenyewe. Ukitaka kutoka, Takeout, huduma ya Google ya kupakua vitu vyako, inakupa picha pamoja na mafaili ya JSON (mafaili ya maandishi ya kando), na maelezo uliyoandika humo yanakaa kwenye JSON, si ndani ya picha. Itumie kama nakala ya pili, siyo ghala kuu.

Jaribio la saa moja

Usihamishe picha zote kwa sababu programu imesifiwa. Nakili picha 200, zikiwemo za simu, za kamera, RAW chache na video mbili, uziweke kwenye folda ya majaribio. Zifungue kwenye programu. Weka lebo tatu kwa picha kumi, andika maelezo kwa moja, toa nyota kwa nyingine. Funga programu. Sasa chukua JPEG mojawapo, ihamishie kwenye kompyuta nyingine kwa flashi, bofya kitufe cha kulia, fungua sifa zake, usome ukurasa wa maelezo. Lebo zikionekana, mlango wa kutokea upo. Zisipoonekana, rudi kwenye mipangilio urudie. Zikikosekana tena, achana na programu hiyo hata kama sura yake inavutia.

Usitumie picha za WhatsApp kwenye jaribio hili. WhatsApp huipunguza picha na kuiondolea EXIF, na tarehe iliyo kwenye jina kama IMG-20230514-WA0012 si lazima iwe siku ilipopigwa. Mteja akikutumia picha ya zamani, mwambie aitume kama hati.

Saa ya kamera inaharibu mpangilio kuliko programu yoyote. Kamera haijui saa za Kiswahili. Mtu anaiseti asubuhi, kwake ni saa mbili, anaandika 02:00 badala ya 08:00, na tangu hapo kila picha iko saa 6 nyuma: sherehe iliyoanza saa moja usiku inasomeka 13:00. Mkiwa wapiga picha wawili kwenye harusi moja, kabla ya kuanza kila mmoja apige picha ya saa ya simu ileile. Baadaye unaona tofauti, na digiKam na Lightroom zote zina zana ya kusogeza muda kwa picha nyingi kwa mpigo. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha majina ya mafaili.

Kwenye lebo ndiko watu hujichanganya zaidi, na kosa halipo kwenye programu. Ukiandika "mtumbwi" leo na "mitumbwi" kesho, utafutaji unakuletea nusu tu. Amua umoja au wingi, ubaki hapohapo. Sisi tunashauri umoja: mvuvi, mtumbwi, jahazi. Alama ya ng' nayo ni mtego: simu nyingi huweka kistari kilichopinda, kibodi ya kompyuta huweka kilichonyooka, na kwa programu hizo ni herufi mbili tofauti, hivyo "ng'ombe" wa simu haonekani kwa "ng'ombe" wa kompyuta. Chagua lebo kwenye orodha iliyopo badala ya kuiandika upya kila mara. Zipange kwa ngazi: Mahali, chini yake Bagamoyo, chini yake Kaole, Mji Mkongwe, Soko la samaki. Lebo 40 zinazotumika kweli zinatosha kuanzia. Folda ziite kwa kuanza na mwaka, mfano 2024-08-17_harusi, zijipange zenyewe.

Programu ikishaanza kazi, usihamishe wala kubadilisha majina ya picha kwa nje. Fanya ndani ya programu, la sivyo Lightroom itakuonyesha alama za mshangao na wewe utaanza kuzitafuta moja moja. Hifadhidata iweke kwenye SSD (diski ya kasi) ya ndani, siyo kwenye flashi wala kwenye diski inayochomolewa ovyo. Kebo ikitoka au umeme ukikatika wakati programu inaandika, hifadhidata inaweza kuharibika.

Diski za nje ziwe mbili, moja ikae nyumba nyingine, hata kwa ndugu Dar es Salaam. Hapa pwani chumvi hula viunganishi vya USB, basi diski isiyotumika ikae kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana pamoja na vipakti vya silika vya kufyonza unyevu. Hamishia mkusanyiko mwaka mmoja mmoja, ukianza na wa karibuni kwa sababu ndio unaoulizwa zaidi. Memori kadi isifutwe mpaka picha zimefunguka kwenye diski zote mbili. Ukijaribu picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho, utaijua mapema nakala iliyokatika njiani.