SOMO: Kufuatilia mahindi na unga kwenye kiwanda kidogo cha kufungashia

Wakuu, nimechoka kujibu swali hilohilo, "nitajuaje unga huu umetoka kwenye mahindi yapi?", kwa ujumbe wa faragha, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda kidogo cha sembe, Makambako. Mahindi tunapokea ya Mbozi, Wanging'ombe na Songea.

1. Pima uzito mzigo ukiwa bado mlangoni. Andika hapohapo.

2. Pima unyevu. Ukizidi asilimia 13.5, mwenye mzigo akaanike. Bambo (chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli) lifike katikati ya gunia, na usichague ya juu tu. Wajanja huficha mabichi chini.

3. Panga juu ya chaga, uache nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta.

4. Kila mzigo na kadi yake: tarehe, aliyeleta, magunia mangapi, unyevu. Ulioingia kwanza ndio unaosagwa kwanza.

5. Kubadilisha mzigo mashineni. Hapa ndipo nilipoumia. Siku moja mahindi ya Mbozi yalibaki magunia manne, vijana wakamwagia ya Songea juu yake ili mashine isisimame. Mimi nilikuwepo, kadi zote mbili nimezitia mfukoni, nikasema nitaandika jioni. Jioni umeme ukakatika, nikaenda nyumbani. Wiki ya pili duka moja likarudisha unga unaonuka ukungu. Umetoka kwenye mahindi yapi? Sikujua. Ilibidi turudishe viroba vya siku tatu, vizuri na vibaya, na bosi alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo naikumbuka. Kwa hiyo: acha mashine iishiwe kabisa, fagia, andika namba mpya ya bechi (unga uliosagwa kwa mkupuo mmoja) kwenye viroba, kadi ya zamani ibanwe kwenye leja SAA HIYOHIYO. Mfuko wa suruali si leja.

6. Sumu ya panya na vidonge vya kufukizia vikae chumba kingine chenye kufuli. Visikae na viroba vitupu, hata kwa usiku mmoja.

MASWALI

kijana_uyole: Mkuu, kwa kifupi tu, nianzie wapi?

Namba 1.

sembe_safi: Vidonge vimebaki nusu kopo. Nimwagie maji ndipo nitupe?

USITHUBUTU. Vikikutana na maji vinatoa gesi ya fosfini, na hiyo inaua. Funga kopo, liweke pakavu penye hewa mbali na watu, muite aliyesomea ufukizaji. Na mlinzi asilale kwenye stoo iliyofukizwa, hata kama Julai baridi inamtafuna.

mlima_nyoka: Kadi zote hizi za nini? Mimi unga nautambua kwa macho.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, huioni kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya kwenye vihenge vyao wenyewe. Endelea na macho yako.

binti_mufindi: Samahani kaka, kama bechi moja imetoka kwenye mizigo miwili kwa sababu mahindi ni machache, kuna namna?

Swali zuri dada. Ipo. Changanya kwa makusudi, kabla ya kusaga, na uandike kadi zote mbili chini ya namba moja ya bechi. Unga ukirudishwa, utajua tatizo linahusu mizigo gani na viroba vingapi. Kosa langu halikuwa kuchanganya, lilikuwa kutoandika. Weka pia kiroba kimoja cha kila bechi kama sampuli. Mteja akilalamika unafungua cha kwako mnalinganisha.

binti_mufindi: Asante sana. Na maka peni inafutika kwenye viroba, unafanyaje?

Ni vumbi la unga. Futa kwa kitambaa kikavu kwanza, halafu andika kabla ya kujaza.

kijana_uyole: Sisi tunaandika kwenye kipande cha kadibodi, tunakishonea pamoja na mdomo wa kiroba. Hakitoki.

Hiyo naiiba, kijana.