R Ikikupa Onyo Usilolielewa: Namna ya Kulifuata Hadi Lilipotokea

R, lugha ya programu ya kuchambua data, ina namna mbili za kulalamika. Kosa husimamisha kazi pale pale, na hupati jibu. Onyo haliisimamishi: kazi inakwisha, jibu linatoka, ila njiani R imekutana na jambo lisilo sawa ikaamua yenyewe la kufanya. Kwa mchambuzi wa data, onyo ndilo la kuhofia zaidi. Kosa halikupi namba yoyote, lakini onyo linakupa namba, na namba hiyo inaweza kuingia kwenye ripoti bila mtu kujua kwamba nusu ya data ilidondoka.

Kabla ya kuuliza maana ya ujumbe, uliza umetoka mstari gani na umeletwa na thamani zipi. Ukishayajua hayo mawili, maana yake hujieleza mara nyingi.

Kupata mstari uliotoa onyo

Kwa kawaida R hukusanya maonyo na kuyaonyesha pale amri uliyoiandika kwenye konsoli inapomalizika. Ukiendesha skripti nzima kwa `source()`, skripti yote huhesabiwa kuwa amri moja, kwa hiyo maonyo yote humwagwa mwishoni, mbali na mistari iliyoyazaa. Yakizidi kumi hutayaona kabisa. Utaambiwa tu idadi yake na kwamba uandike `warnings()`. Yakifika hamsini, yanayohifadhiwa ni hamsini ya kwanza.

`warnings()` nayo ina mtego. Huonyesha maonyo ya mwisho yaliyohifadhiwa, hata kama amri uliyoendesha sasa hivi haikutoa onyo lolote. Wengi hurekebisha tatizo, wanaita `warnings()`, wanauona ujumbe ule ule wa zamani, kisha wanaanza kuharibu msimbo ambao tayari ni mzima.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuiambia R isilimbikize:

```
options(warn = 1)
```

Sasa kila onyo litachapishwa papo hapo linapotokea. Kama bado huoni chanzo, geuza maonyo yawe makosa:

```
options(warn = 2)
source("uchambuzi.R")
traceback()
```

Kazi itasimama kwenye onyo la kwanza, na ujumbe utaanza na maneno `(converted from warning)`. Orodha ya `traceback()` isome kutoka juu kushuka. Mistari michache ya juu huwa ni mitambo ya ndani ya R, yenye majina kama `withRestarts` na `.signalSimpleWarning`, ipite, shuka hadi ukutane na jina la funksheni uliyoiita wewe. Hapo ndipo pa kuchunguza. Ukitaka kuingia ndani kabisa uone thamani zilivyokuwa wakati ule, weka `options(error = recover)` kabla ya kuendesha, chagua namba ya hatua, kisha andika `ls()`. Ukimaliza, chagua 0, halafu rudisha mipangilio: `options(warn = 0, error = NULL)`.

Vifurushi (packages) vipakie kwa `library()` kabla ya kuweka `warn = 2`, la sivyo kazi inaweza kukwama kwenye onyo dogo la kifurushi usilolitafuta.

Kama unapita kwenye mafaili mengi kwa mzunguko, unachohitaji ni kujua ni faili gani:

```
for (f in mafaili) {
  withCallingHandlers(
    d <- read.csv(f),
    warning = function(w) message(f, ": ", conditionMessage(w))
  )
}
```

Usitumie `tryCatch` mahali hapa kwa mazoea. `tryCatch` ikinasa onyo huiacha kazi iliyokuwa ikiendelea, kwa hiyo `d` mpya haiundwi. `d` inabaki na data ya faili lililotangulia, na ukiunganisha majedwali faili hilo linahesabiwa mara mbili. `withCallingHandlers` hutoa taarifa na kuacha usomaji uendelee.

Kompyuta nyingi za Kongo na Burundi zimewekwa kwa Kifaransa, na hapo R huandika `Message d'avis`. Andika `Sys.setenv(LANGUAGE = "en")` kisha rudia amri. Ujumbe wa Kiingereza ndio utakaokupatia majibu mengi ukiutafuta mtandaoni. Unapoutafuta, ondoa majina ya vigeu vyako, bakiza maneno ya R pekee.

NAs introduced by coercion

Hili ndilo onyo la kila siku. Uliiambia R igeuze maandishi kuwa namba. Baadhi hayakugeuka, ikaweka NA, yaani alama ya thamani isiyopo. Usikubali kuendelea bila kuyaona yaliyokataa:

```
x <- d$kipato
n <- suppressWarnings(as.numeric(x))
mbaya <- is.na(n) & !is.na(x)
table(x[mbaya])
which(mbaya)
```

Katika data za mapato utakuta `25,000/=`, `15 000`, `hajui`, kistari kitupu, au `12O` yenye herufi O badala ya sifuri. Kila kundi lina dawa yake. Koma na `/=` ondoa kwa `gsub(",|/=", "", x)`. Epuka njia ya mkato ya kufuta kila kisicho tarakimu: `12-15` itageuka 1215, `-5` itapoteza alama ya hasi, na hakuna onyo litakalotokea tena kukuambia. `hajui` ni jibu halali la mhojiwa, kwa hiyo lipe msimbo wake kabla ya kuligeuza kuwa NA.

Ukiona thamani inayoonekana safi kabisa lakini inakataa, ipime kwa `utf8ToInt(x[i])`. Nafasi ya kawaida ni 32. Ukiona 160, hiyo ni nafasi isiyokatika iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti au faili la Word. Iondoe kwa `gsub("\u00a0", "", x)`. Na kama desimali zako zimeandikwa kwa koma, mfano `3,5`, kama ilivyo kwenye mafaili yaliyotengenezwa kwa mpangilio wa Kifaransa, usihangaike na `gsub`: soma faili upya kwa `read.csv2()`, ambayo inatarajia nukta-mkato kati ya safu na koma kwenye desimali.

Kuna ndugu wa tatizo hili asiyetoa onyo hata moja. Safu ikiwa ya aina ya fakta (factor, yaani safu ya makundi), `as.numeric()` hurudisha namba za ndani za makundi, 1, 2, 3, badala ya thamani zenyewe. Pitia maandishi kwanza: `as.numeric(as.character(x))`. Tangu R 4.0.0 ya mwaka 2020, `read.csv` haigeuzi tena maandishi kuwa fakta yenyewe, lakini skripti za zamani zenye `stringsAsFactors = TRUE` bado zina mtego huu.

EOF within quoted string

Hili linawahusu sana wanaosoma data zenye majina yetu. `read.table()` huhesabu alama moja ya ritifaa kuwa alama ya kunukuu. Likitokea jina kama Chang'ombe au Nyang'hwale katika faili lililotenganishwa kwa tabo, R hudhani nukuu imefunguliwa, ikaendelea kumeza mistari hadi ikutane na ritifaa nyingine. Isipokutana nayo, inafika mwisho wa faili na kutoa onyo hili, mara nyingi likiandamana na `number of items read is not a multiple of the number of columns`.

Hatari kubwa ni pale ritifaa zinapokuwa mbili. Nukuu inafungwa, kila kilichokuwa katikati kinaingizwa kwenye kisanduku kimoja, na kama majina yote mawili yako kwenye safu ile ile, R haisemi neno. Umepoteza mistari kimya kimya. Linganisha hesabu:

```
nrow(d)
length(readLines("vijiji.txt")) - 1
```

Moja inatolewa kwa ajili ya mstari wa vichwa. Zikitofautiana, soma upya ukiweka `quote = ""`, au `quote = "\""` kama faili linatumia nukuu mbili kwa haki. `read.csv()` na `read.delim()` hazina shida ya ritifaa kwa sababu zinatambua nukuu mbili tu.

Ujumbe `incomplete final line found` ni mwepesi zaidi: mstari wa mwisho haukumalizwa kwa Enter. Lakini kama faili umelipakua na mtandao ulikuwa ukikatika, hakiki idadi ya mistari, kwani huenda sehemu ya chini haikufika.

longer object length is not a multiple of shorter object length

R ikipewa vekta mbili (orodha za thamani) zenye urefu tofauti, hurudia ile fupi hadi ilingane na ndefu. Hulalamika pale tu marudio yasipotimia. Kosa la kawaida:

```
d[d$mkoa == c("Mwanza", "Mara", "Kagera"), ]
```

Mtu anataka mikoa mitatu. R inalinganisha mstari wa 1 na Mwanza, wa 2 na Mara, wa 3 na Kagera, kisha inaanza tena. Takriban theluthi mbili ya mistari uliyoitaka hupotea. Ukiwa na mistari 1,000 utaonywa. Ukiwa na 999 hutaonywa, kwa kuwa inagawanyika kwa tatu. Andika `d$mkoa %in% c(...)`.

Karibu nalo ni `number of items to replace is not a multiple of replacement length`, ambalo hutokea mtu anapojaza mapengo:

```
d$umri[is.na(d$umri)] <- d$umri2
```

Hapa watu wasio na umri wanapewa umri wa watu wa mwanzo wa jedwali. Chagua pande zote mbili: `i <- is.na(d$umri)`, kisha `d$umri[i] <- d$umri2[i]`.

Maonyo ya modeli

`non-integer #successes in a binomial glm!` huwapata karibu wote wanaochambua data za DHS (tafiti za idadi ya watu na afya), za Tanzania, Kenya au kwingineko, kwa mara ya kwanza. Uzito wa sampuli, `v005`, hugawanywa kwa 1,000,000, kisha mtu anauweka kwenye `weights` ya `glm()`. Funksheni hiyo inaelewa uzito kuwa idadi ya majaribio, ndiyo maana inashangaa kuona desimali. Kukadirisha uzito kuwa namba kamili kutanyamazisha onyo na kuacha tatizo: makosa sanifu (standard errors) yatakuwa si ya kweli, kwani muundo wa sampuli haukuzingatiwa. Tumia kifurushi cha `survey`:

```
d$uzito <- d$v005 / 1000000
m <- svydesign(ids = ~v021, strata = ~v023,
               weights = ~uzito, data = d, nest = TRUE)
svyglm(y ~ elimu + umri, design = m,
       family = quasibinomial())
```

`quasibinomial()` imewekwa makusudi: makadirio ni yale yale ya `binomial()`, bila onyo. Matabaka katika baadhi ya tafiti yako kwenye `v022`, hivyo soma ripoti ya utafiti husika.

`fitted probabilities numerically 0 or 1 occurred` mara nyingi ina maana kwamba kundi moja lote limejibu ndiyo, au lote hapana. Tazama `summary()`: ukiona mgawo (coefficient) wa 18 wenye kosa sanifu la maelfu, hapo ndipo penye tatizo. Thibitisha kwa `table(d$kundi, d$y)` na utafute kisanduku chenye sifuri. Kuongeza `maxit` kutoka 25 hakusaidii. Mgawo utazidi tu kukua. Unganisha makundi kama yana maana ya kuunganishwa, au tumia `logistf()`, inayofuata njia ya Firth ya kuzuia mgawo usikue bila kikomo. Kama makosa sanifu yote ni ya kawaida, huenda ni mtu mmoja tu mwenye thamani ya mbali sana; mtafute.

`Chi-squared approximation may be incorrect`: kuna kisanduku ambacho idadi inayotarajiwa ni chini ya 5. Iangalie kwa `chisq.test(t)$expected`, kisha tumia `fisher.test()` au `simulate.p.value = TRUE`. Kwa `lme4`, kifurushi cha modeli mseto (mixed models), `Model failed to converge` ianze kwa kusawazisha vigeu vyenye namba kubwa kwa `scale()`. Ikibaki, endesha `allFit()` na uone kama makadirio ya njia mbalimbali yanakubaliana.

Na `package was built under R version ...` karibu kila mara haina madhara. Usimalize bando kupakua vifurushi vyote upya kwa ajili yake. Sasisha R utakapopata nafasi.

Kunyamazisha, baada ya kujua

`options(warn = -1)` juu ya skripti isiwepo kabisa. Onyo ulilolielewa linyamazishe kwa mstari mmoja wa `suppressWarnings()`, ukiacha maelezo pembeni kwa nini. Kama mstari huo unaweza kutoa maonyo tofauti, zuia lile moja tu:

```
withCallingHandlers(
  wilcox.test(y ~ g, data = d),
  warning = function(w)
    if (grepl("ties", conditionMessage(w)))
      invokeRestart("muffleWarning")
)
```

Kabla ya kumpa mtu matokeo, weka `options(warn = 1)` mwanzoni mwa skripti, funga R, kisha iendeshe upya kutoka kwenye tamino (terminal):

```
Rscript --vanilla uchambuzi.R 2> maonyo.txt
```

Fungua `maonyo.txt` na upitie kila mstari uliomo. Usioweza kueleza asili yake, urudishe kwenye `warn = 2`.