Namna ya kupima umbo la ufukwe na sakafu ya bahari iliyo karibu nao

Huko Duck, North Carolina, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kimekuwa na kituo cha utafiti wa pwani tangu mwaka 1977, kilichojengewa gati la mita 560, ambako sakafu ya bahari hupimwa mwaka hadi mwaka kwenye mistari ileile. Kurudia huko ndiko kunakowawezesha watafiti kutenganisha mchanga ulioondoka kwa msimu na ule uliopotea moja kwa moja, na kazi ya aina hiyo inawezekana Kunduchi, jijini Dar es Salaam, kwa fimbo mbili, kamba na bildi, yaani kipande cha risasi kinachotupwa majini kwa kamba ili kupima kina.

Njia ya fimbo mbili ilielezwa na K. O. Emery mwaka 1961. Andaa fimbo zilizonyooka za mita moja na nusu, uzitie alama za sentimita kuanzia kileleni kushuka chini, kisha uziunganishe kwa kamba ya mita mbili isiyonyumbuka. Anzia kwenye alama ya kudumu, kama vile pembe ya msingi wa jengo imara. Mnazi ulio ukingoni haufai, kwa kuwa ndio wa kwanza kuanguka ufukwe unapolika.

Fanya kazi siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi, maji yakiwa yanakupwa, kwani Dar es Salaam tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Mwenzako asimamishe fimbo yake wima upande wa bahari, nawe uliye upande wa nchi kavu ulinganishe jicho lako, kilele cha fimbo yake na mstari ambapo bahari hukutana na mbingu. Mstari huo wa macho utaikata fimbo yako chini ya kilele chake, na kipimo hicho, tuseme sentimita 14, ndicho kiasi ambacho ufukwe umeshuka katika mita hizo mbili. Mahali ambapo mchanga unapanda kuelekea baharini, linganisha kilele cha fimbo yako na upeo huo, usome kwenye fimbo ya mwenzako. Kisiwa cha Mbudya kikiuziba upeo, lenga ukingo wa maji chini yake, kamwe usilenge miti. Kisha sogea pale aliposimama mwenzako, naye aende mbele, mrudie hivyo kufuata mstari mmoja ulionyooka. Ukifika majini, andika saa.

Maji yakijaa, ingia na ngalawa kwenye mstari uleule, ukianza kutupa bildi juu ya sehemu uliyokwisha pima kwa fimbo, kwa maana pale vipimo viwili vinapokutana ndipo utakapojua kama kazi yako inaaminika. Mafundo ya kamba ya bildi, yanayoonyesha kina, yafungwe ikiwa imelowa. Kina kisicho na saa hakifai kitu: bildi ikisoma mita 3.4 wakati jedwali la kujaa na kupwa kwa maji linaonyesha mita 2.1, kina cha kuandika kwenye mchoro ni mita 1.3.

Rudia mwishoni mwa kaskazi na mwishoni mwa kusi. Kusi husukuma mchanga wa pwani hii kuelekea kaskazini, hivyo ukuta wa mawe ulioingia baharini hukusanya mchanga upande wa kusini na kuunyima upande wa pili. Weka mistari pande zote mbili. Andika pia uchimbaji wa mchanga kwenye mito kama Tegeta na Mbezi, kwa sababu mchanga unaobebwa na malori huko ni mchanga ambao ufukwe hautaupata, na jambo hili husahauliwa mno. Kwa upande wa bandari ya Dar es Salaam, ambako gati namba 1 hadi 7 ziliongezwa kina hadi mita 14.5, si haki kuilaumu kazi hiyo kwa mmomonyoko wa mahali fulani, wala kuiondolea lawama, pasipo vipimo vya kabla na baada.

Nakala ipelekwe serikali ya mtaa, NEMC (chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira) na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Daftari la awali libaki nawe bila kufutwa tarakimu yoyote, pamoja na picha ya alama ya kuanzia, ili mpimaji atakayekuja aitambue hata jengo likibadilishwa rangi.