SOMO: Muuzaji wa kiwanja kageuka baada ya kupokea hela (Tanzania)

Swali la "nimelipia kiwanja, muuzaji anakataa kuuza, nifanyeje?" linarudi kila mara, kwa hiyo naliandika hapa moja kwa moja.

1. Kusanya mkataba, risiti za benki na meseji. Bila maandishi yenye sahihi ya muuzaji, kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinakukwamisha.

2. Lipia mkataba ushuru wa stempu TRA. Usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi.

3. Amua: unataka kiwanja au hela? Hapa ndipo wengi wanapojimaliza. Muuzaji kapata mteja wa bei nzuri, anakurudishia milioni 18 zako kwa simu, nawe unajibu "nimepokea, asante". Baadaye atasema mlimalizana, na ujumbe huo ndio ushahidi wake. Kama unataka kiwanja, mwandikie siku hiyohiyo kwamba hukubali kuvunja mkataba na hela ziko tayari kurudi kwake. Usizitumie. Usisaini popote penye "sina madai". Ukiamua kuchukua hela, dai na hasara: kiwanja cha aina hiyo kikiwa sasa milioni 25, tofauti ni milioni 7.

4. Mpe muuzaji notisi ya maandishi, siku 14 za kutimiza mkataba au kulipa unachodai, aipokee kwa sahihi.

5. Kiwanja kina hati? Weka zuio kwa Msajili wa Hati kabla muuzaji hajakihamishia jina la mtu mwingine.

6. Anza Baraza la Kata. Siku hizi linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, uombe na zuio la muda, yaani amri ya kumzuia muuzaji asikiuze kesi ikiendelea.

MASWALI

— Mkuu, wangu kakataa kuuza, nifanyeje?
Soma hatua ya 3.

— Nimesoma, ila kwa kifupi?
Hicho ndicho kifupi.

— Polisi wameniambia ni madai, wamehongwa?
Hapana, wako sahihi. Kugeuka si jinai. Kuchukua hela kwa kiwanja anachojua si chake, hiyo ni jinai.

— Anasema mkewe hakuridhia. Kisingizio?
Swali zuri. Kama ni nyumba wanayoishi, Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza. Huenda ukaambulia hela na fidia tu. Kiwanja kitupu, hoja hiyo lazima ithibitishwe. Safari nyingine mwenza asaini ridhaa siku ileile ya mkataba.

— Tukiandika faini ya anayegeuka?
Andikeni, ila iwe ya maana. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinatoa fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi mliyoitaja. Ukiandika ndogo, umejifunga mwenyewe.